Bomba la Majitaka Lihame Kabla ya Mvua

Maelezo ya afisa wa maji kwa wakazi katika kikao cha maoni kuhusu bajeti, Kaunti ya Jiji la Nairobi



Nimekuja kuzungumzia bomba kuu la majitaka lililo ukingoni mwa mto wetu. Mabomba makuu ya Nairobi hufuata mito kwa sababu majitaka huteremka yenyewe, bila pampu, hadi kwenye mitambo ya kuyasafisha ya Dandora, kule Ruai. Hesabu hiyo ni nzuri mto ukiwa umetulia.

Mto ukifurika, hula kingo zake. Udongo ulioshikilia bomba huondoka, bomba likaning'inia, kisha likapasuka. Isitoshe, maji ya mafuriko huingia kwenye mashimo ya ukaguzi, bomba likajaa, na uchafu ukafumuka kwenye nyumba zilizo chini. Aprili 2024 tuliona Mathare ilivyofunikwa na maji. Maji yakishapungua hubaki matope yenye kinyesi, na hapo kipindupindu hupata njia.

Wengi huniuliza, "Kwani hakuna pesa za dharura?" Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini malipo yake katika mwaka mmoja hayawezi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Tena ni ya mambo ya ghafla yasiyotarajiwa. Bomba tunaloliona likiliwa na mto kila msimu wa masika si jambo la ghafla. Tukingoja hazina hiyo, tutakuwa tunalipia mahema na dawa, wala si bomba.

Kwa hivyo kulihamisha kunafaa kuingia kwenye bajeti ya maendeleo, ambayo sheria inataka isipungue asilimia 30. Katiba imeipa kaunti huduma za majitaka na pia udhibiti wa majanga. Kazi hii moja inatimiza yote mawili.

Sitawaficha gharama yake. Mwaka tutakaolipia bomba, huenda barabara fulani ya mtaa ikangoja. Njia mpya itapita sehemu ya juu, mbali na ukingo, na huko kuna watu. Wanapaswa kuelezwa na kusikizwa mapema, si kuamshwa na tingatinga. Bomba la zamani nalo litaendelea kutumika hadi jipya liunganishwe, la sivyo majitaka yote yatamwagwa mtoni.

Zingatieni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Mradi usiotajwa mapema ni vigumu kuupatia pesa mwishoni.

Fomu za maoni ziko pale mezani. Anayejua mahali bomba limeachwa wazi au kifuniko kimeibwa, aandike jina la mahali hapo. Na anayeona barabara itangulie, aandike pia, na atoe sababu. Mvua haitatungoja tukubaliane.