Ningu wa Miriu na Mto Wetu wa Ngong

Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi wa Kisumu Ndogo, Kibra, kabla ya mvua za masika

Nawashukuru majirani wa Kisumu Ndogo ile nyingine, ya Kawangware, mliopanda matatu mbili asubuhi hii kuja kutusikiliza.

Kijana mmoja pale mlangoni aliposikia kwamba nimekuja kuzungumza juu ya samaki, aliniuliza kama kaunti sasa imeanza kuuza mgongo wazi. Hapana, hiyo biashara tunawaachia akina mama wanaoifahamu. Na niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa samaki. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu ni kuuliza wanaojua, kisha niwaletee jibu kwa lugha tunayoelewana.

Nyanya yangu aliishi Nyakach, si mbali na mto ambao watu wa juu wanauita Sondu na watu wa chini wanauita Miriu. Alituambia kwamba zamani masika yalipoanza kunyesha huko milimani Kericho, na maji yakashuka yakiwa mekundu, hakuna aliyeuliza samaki wako wapi. Watu walibeba migono wakateremka mtoni, kwa sababu ningu walikuwa wanapanda. Wengine waliliwa siku hiyo hiyo na ugali wa mtama, wengine wakakaushwa juu ya moto wakawekwa. Mimi nilipozaliwa, hadithi ilikuwa imebaki bila samaki. Naona wazee kadhaa hapa wanatikisa vichwa. Mnamjua ningu. Vijana wengi humu ndani hawajawahi kumwona hata mmoja.

Basi nieleze kidogo. Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria na mito yake tu, hapatikani kwingine duniani. Mdomo wake uko upande wa chini, na kwa mdomo huo hukwangua utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe. Anaishi ziwani, lakini hazai ziwani. Mvua zikija, mara mbili kwa mwaka, anaingia mtoni kwa makundi, Nzoia, Nyando, Miriu, Kuja, anapanda dhidi ya mkondo hadi pale mto ulipofurika ukaingia kwenye nyasi. Hapo ndipo jike anapoacha mayai. Mayai yanaanguliwa baada ya siku chache, na watoto wanakaa kwenye vidimbwi na nyasi zilizofunikwa na maji mpaka mafuriko yanapopungua, ndipo wanarudi mtoni na kuteremka taratibu kuelekea ziwani. Mafuriko ambayo sisi hapa tunayaogopa, na tuna sababu, maana hakuna aliyesahau Aprili 2024, ningu anayangoja mwaka mzima.

Mwaka jana nilipokuwa likizoni nyumbani, rafiki yangu tuliyekuwa naye chuo kikuu, ambaye yeye alichukua masomo ya samaki, aliniambia nifuatane na kikundi chake asubuhi moja. Walikuwa wanafuatilia samaki wachanga baada ya masika. Niliamshwa saa kumi na moja. Nilidhani tutaenda na nyavu na mtumbwi. Kumbe mmoja wao alivaa mgongoni kitu kama pampu ya kunyunyizia dawa ya shamba, ndani yake mna betri, na mkononi ameshika fimbo ndefu yenye pete ya chuma. Fimbo ikiingia majini, umeme kidogo unapita, samaki aliye karibu anazubaa na kuelea, na mwenzake anamchota kwa wavu wa mkono. Wote wamevaa viatu vya mpira vinavyofika kifuani, maana umeme hauchagui.

Samaki anawekwa kwenye ndoo yenye maji safi. Baada ya dakika chache anazinduka. Halafu kazi yenyewe inaanza, na kusema kweli haina msisimko wowote. Huyu ni wa aina gani? Ana milimita ngapi? Uzito wake? Ana kidonda? Mmoja anapima, mmoja anaita, mmoja anaandika. Wanapima pia joto la maji, wanaangalia kama yametibuka, wanaandika kama kingo zina miti au zimelimwa. Kisha samaki wanarudishwa walikotolewa, na kikundi kinasogea mita kadhaa juu, wanaanza tena. Mpaka jua linawaka kichwani nilikuwa nimepewa kazi ya kushika daftari, na nikaelewa kwamba daftari ndilo lenye thamani kuliko hiyo mashine.

Nilitaka kumwona ningu mchanga. Tulipata mumi wadogo, tukapata fuani wadogo, tukapata vingine nisivyovijua majina. Ningu alikuja karibu saa tano, mmoja, urefu wa kidole changu cha kati, rangi ya majivu, mdomo umeangalia chini kama nyanya alivyosema. Walimpima kama walivyopima wengine, wakamrudisha. Niliuliza, huyu mmoja anatuambia nini? Rafiki yangu akanijibu kwamba mmoja hasemi kitu. Ukija hapa hapa msimu ujao, na msimu baada ya huo, kwa njia ile ile, ndipo mto unaanza kusema.

Wenzetu wa nchi za baridi wanafanya hivyo hivyo kwa samaki wao anayeitwa samoni. Yeye anaishi baharini na kuzaa mtoni. Huko Scotland, Norway na Kanada kila majira ya kuchipua watu wanaingia mitoni kuhesabu watoto wa samoni wanaoteremka. Wana hata mtego wenye umbo la faneli unaozungushwa na mkondo wenyewe, usiku kucha, na asubuhi watoto wanahesabiwa na kuachiliwa. Katika bwawa la Bonneville, Marekani, kazi ya kuhesabu samaki wanaopita ilianza mwaka 1938, bwawa lilipokuwa jipya, na inaendelea mpaka leo. Wakisema samaki wamepungua, wanaweza kukuonyesha ukurasa.

Sasa msije mkafikiri kwamba sisi hatukuhesabu. Hili ndilo lililonisumbua niliporudi Nairobi nikaanza kusoma. Michael Graham alipima uvuvi wa ziwa zima miaka ya 1927 na 1928. Peter Whitehead alichapisha mwaka 1959 utafiti mrefu juu ya samaki wa Ziwa Victoria wanaopanda mito, wanakopita na wanakozaa. Mwaka 1965 Cadwalladr aliandika waziwazi kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu, na jinsi njia za kienyeji za uvuvi kwenye mto Nzoia zilivyokuwa zinakufa pamoja naye. Nyavu zilikuwa zinategwa kwenye midomo ya mito wakati wa mvua, na majike yalikamatwa yakiwa na mayai tumboni kabla hayajapanda.

Tazameni hiyo tarehe. Tumezoea kumlaumu mbuta kwa kila kitu. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na ni kweli amekula mengi, lakini alijaa hasa miaka ya 1980. Ningu alikuwa ameshaporomoka zamani, na ilikuwa imeshaandikwa. Baadaye watafiti wetu wenyewe, akina Ochumba na Manyala kwenye mto Sondu-Miriu mwaka 1992, Raburu na Masese mwaka 2012 waliotengeneza kipimo cha afya ya mito yetu kwa kutumia samaki wake, waliendelea na kazi hiyo. Leo ningu yumo kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Habari ilikuwepo. Ilikaa kwenye majarida yanayosomwa na watu wachache, na mvuvi wa pale mdomoni mwa mto, mwenye wavu mkononi, hakuna aliyemfikishia. Mimi kama mtu wa habari hilo linaniuma kuliko mtu mwingine, kwa sababu hapo palikuwa mahali pa kazi yangu.

Mtaniuliza, haya yote ya Nyakach yanaingiaje Kibra? Yanaingia hivi. Teremkeni hapo chini. Mto Ngong unapita kando yetu, unapokea mitaro yetu yote, unaingia kwenye Bwawa la Nairobi. Bwawa lile lilijengwa mwaka 1953, na wapo waliokuwa wakiendesha mashua za matanga juu yake. Leo ni gugu maji na taka. Maji yakitoka hapo yanakutana na mto Nairobi, yanaingia Athi, yanapita Ukambani, yanaitwa Galana, yanaitwa Sabaki, na yanamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Na ninyi wa Kawangware, maji yenu yanashuka kwenye mto Nairobi huo huo. Njiani kote kuna mtu anayenywesha ng'ombe au kumwagilia sukuma.

Watu wamewahi kuja hapa na chupa, wakachota maji, wakapiga picha, wakaondoka. Mzee mmoja aliniambia wiki iliyopita: "Mwanangu, wanapima mto wetu kama daktari anayekupima damu halafu anaenda na majibu nyumbani kwake." Sikuwa na la kumjibu.

Hatuwezi kuanza na ningu. Huo si mto wake, na hata samaki mwingine sijui tungemtafutia wapi. Lakini kuna kipimo kilichobuniwa Afrika Kusini, kinaitwa miniSASS, ambacho hakihitaji mashine wala maabara. Unahitaji wavu wenye matundu madogo, sinia jeupe, na macho. Unatikisa mawe na majani majini kwa dakika chache, unamwaga kilichonaswa kwenye sinia, unaangalia ni wadudu gani wamo. Wapo wa makundi 13, kila kundi lina alama. Minyoo, ruba na viluwiluwi vya nzi wanapata alama 2 tu kila mmoja, kwa sababu wanastahimili uchafu. Konokono 4. Watoto wa kereng'ende wakubwa 6, kaa 6. Yupo mdudu mmoja mwenye mikia miwili, anayekaa chini ya mawe kwenye maji ya baridi na safi, yeye anapata 17. Unajumlisha alama, unagawanya kwa idadi ya makundi uliyoyapata, na hiyo ndiyo hali ya mto siku hiyo. Mtoto wa darasa la saba anaweza kufanya hesabu hiyo.

Sikuja na mradi na sikuja na fomu ya posho, nawaambia mapema ili mwenye kutaka kuondoka aondoke kwa amani. Nimekuja kuomba watu kumi wa hapa na watu watano wa Kawangware. Tufanye mara moja kabla ya masika, mara moja mvua zikishatulia, na hivyo hivyo wakati wa vuli, mahali pale pale. Majibu yatachapishwa katika jarida hili, ukurasa ambao kila mtu anaufungua, pamoja na jina la mahali na tarehe.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza, na ameuliza vizuri: tukikosa kitu kabisa? Ninaogopa jambo hilo, mama. Inawezekana tukapata minyoo peke yake, na afisa wa kaunti anayechapisha kwamba mto wa kaunti una minyoo peke yake hatapigiwa makofi ofisini. Nimeshazungumza na mkubwa wangu. Tutachapisha. Kama ni 2, itaandikwa 2. Kama ni sifuri, sifuri. Msimu unaofuata tutaandika tena, na mtaweza kunishika shati mkiniuliza kwa nini haijapanda.

Sasa ya usalama, na hapa sitanii. Yale maji yana kinyesi. Hakuna mtu atakayeingia majini bila viatu vya mpira na glavu. Mwenye kidonda mguuni atashika daftari. Watoto watasimama ukingoni kwenye sinia, na wahudumu wa afya watakuwa na sabuni na maji safi. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, tunaahirisha, kwa sababu mto ule unapanda haraka kuliko mtu anavyokimbia.

Tunakutana Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, hapa hapa ukumbini, tuteremke pamoja. Glavu nitaleta mimi. Sinia jeupe ninalo moja, nahitaji la pili. Mwenye sinia ambalo hatalipikia tena, naomba aje nalo.