Tangazo la Maradhi Lisemwe Namna Gani?
Hotuba ya mfasiri wa Serikali mbele ya wazee wa mitaa, Mombasa



Nimeombwa niseme juu ya matangazo ya Serikali yaliyotolewa mitaani katika miezi ya Machi, Aprili na Mei mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini. Huenda mtu akauliza, Mambo hayo yamekwisha pita, ya nini kuyafukua? Jibu ni kwamba maradhi hayana desturi ya kuja mara moja. Mwezi wa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox katika Kenya alithibitishwa katika Kaunti ya Taita Taveta, safari ya saa chache tu kutoka hapa tulipo. Siku itakapofika tena ya mzee wa mtaa kupewa karatasi na kuambiwa, Nenda ukawasomee watu, yafaa awe amekwisha fikiri atasema nini.

Tukumbushane tarehe. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza, na katika juma lililofuata shule zikafungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza nchi nzima. Tarehe 6 Aprili Nairobi ilifungwa, watu wasiingie wala wasitoke, na tarehe 8 ikawa vivyo hivyo kwa Mombasa, Kilifi na Kwale. Kisha tarehe 6 Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale hapa kwetu na mtaa wa Eastleigh kule Nairobi vilifungwa kila kimoja peke yake kwa siku 15. Siku hizo zilipokaribia kwisha, zikaongezwa hata tarehe 6 Juni. Basi Idi ya mwaka ule iliwakuta watu wa Mji wa Kale wamezungukwa na vizuizi.

Hesabuni wenyewe. Katika majuma manane mtu wa Kibokoni alipewa amri moja juu ya nyingine, kila moja na tarehe yake ya kuanza, na nyingine zilibadilishwa kabla hajaizoea ile ya kwanza. Kuzitangaza amri hizo ilikuwa kazi nyepesi kuliko kuzifanya zieleweke.

Tuanze na saa, jambo linaloonekana dogo. Amri ya kafyu kwa Kiingereza ilihesabu saa kwa desturi ya Kizungu, tangu saa saba jioni mpaka saa tano asubuhi. Mtu akinakili tarakimu hizo bila kuzigeuza, Mswahili atasoma kwamba ana ruhusa kutembea mpaka saa 7 usiku, wakati mji umelala! Saa yenyewe ilikuwa saa 1 usiku mpaka saa 11 alfajiri. Mimi huwaambia vijana wa ofisini, andika saa, kisha ongeza neno ambalo halina ubishi: kitambo kidogo baada ya magharibi. Kila mtu mwenye macho huliona jua likitua.

Lakini hata saa ikiandikwa sawasawa haitoshi. Jioni ya kwanza ya kafyu wafanya kazi wa kisiwani walijazana kivukoni Likoni wakirudi kwao, nao wakatupiwa moshi wa kutoa machozi na kupigwa hata kabla ya saa yenyewe kufika. Mtu wa Likoni hakuhitaji tu kuambiwa awe nyumbani saa ngapi. Alihitaji kujua feri itamvusha saa ngapi, na akikuta msongamano afanyeje. Tangazo linalosema la kwanza bila la pili humwacha mtu kati ya maji na rungu.

Nakuja kwenye maneno. Wako waliofasiri agizo la kuacha nafasi kati ya mtu na mtu kwa kusema “umbali wa kijamii”. Jamani! Mtu wa pwani akisikia hivyo ataelewa kwamba ajitenge na jamaa zake, ndiyo kusema awakane. Ilitosha kusema: baina yako na mwenzako pawe na hatua mbili. Na hilo nalo lina mahali pake. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba na nyumba zinashirikiana ukuta, hatua mbili hazipatikani, na msema kweli angeongeza kwamba penye finyu mtu avae barakoa na apite upesi.

Neno “karantini” ndilo lililonisumbua zaidi. Bandarini ni neno la zamani: chombo chenye mgonjwa hutia nanga mbali, watu wasishuke. Mfugaji wa Garissa analijua pia, lakini kwake maana yake ni soko la ng'ombe kufungwa, yaani njaa. Kiswahili kina neno zuri la “kutawa”, kukaa ndani kwa heshima, nami ningependa kulitumia. Ila wanaume wangecheka kuambiwa watawe.

Haidhuru. Lililoliharibu neno karantini halikuwa tafsiri. Mwezi wa Aprili 2020 ilitangazwa kwamba watakaovunja kafyu watapelekwa karantini siku 14. Tangu siku hiyo neno moja likawa uangalizi na kifungo pamoja, na mfasiri gani aweza kuyatenganisha mbele ya watu? Tena waliowekwa katika vituo vya umma walidaiwa shilingi 2,000 kwa siku. Siku 14 ni shilingi 28,000. Nyumba ya watu watano, wote wakichukuliwa kwa sababu wamekaa na mgonjwa, ni shilingi 140,000. Mvuvi atazitoa wapi, au fundi cherehani ambaye duka lake limefungwa?

Basi wapimaji walipofika Mji wa Kale na Eastleigh, wengi hawakujitokeza, na Waziri wa Afya, Bw. Mutahi Kagwe, akalalamika hadharani. Wako waliosema ni ujinga au ukaidi. Mimi siafiki. Watu wale walikuwa wamepiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi kwa habari walizokuwa nazo. Mwezi wa Mei Serikali ilitangaza kwamba itachukua yenyewe gharama za vituo vya umma. Lakini habari ya ada ilikuwa imekwisha tembea majuma mengi mdomo kwa mdomo, na habari ya kufutwa kwake ikaja nyuma ikichechemea. Mama aliyemficha mwanawe chumbani hakuwa adui wa daktari. Alikuwa hajaambiwa, na mtu anayemwamini, kwamba mlango wa kituo una njia ya kutokea.

Kwa hiyo naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko yote. Mzee anaposimama kusema, Kapimeni, hana budi kusema pamoja na hilo: ukikutwa na ugonjwa utapelekwa wapi, utakaa siku ngapi, nani atalipa, nani atawalisha watoto, na jamaa zako watapata habari zako kwa nani. Kama jibu la mojawapo halijaletwa kutoka juu, asilitunge. Arudi aliulizie, kisha aje tena kesho yake saa ile ile.

Aulizie wapi? Hapa pana tatizo. Kwa Katiba ya mwaka 2010 zahanati na hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na chifu na naibu wake wako chini ya Serikali ya taifa. Polisi nao wana mkubwa wao. Mkazi hajali mipaka hiyo. Simu ya Wizara, namba 719, ilikuwapo kwa mwenye simu na subira. Wengine walimwendea mzee wa mtaa, ambaye mwaka ule hakuwa na mshahara wa Serikali wala kipaza sauti, na mara nyingi alisikia habari redioni saa ile ile na jirani zake. Naona aibu kidogo kulisema hili mbele yenu, lakini ninyi ndio mlioulizwa maswali yote na kupewa karatasi za mwisho.

Mwisho ni lugha. Eastleigh wako wengi ambao Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani, na hapa Mombasa kuna mitaa ambayo bibi kizee hufahamu Kidigo au Kigiriama kuliko Kiswahili hiki ninachokisema. Karatasi zimewekwa mezani karibu na mlango. Kila mzee aandike jina la mtaa wake, lugha zinazosemwa humo, msikiti au kanisa lenye kipaza sauti kinachofanya kazi, na jina la mtu mmoja ambaye watu humwuliza kwanza wakipatwa na shida, hata kama ni mwuza mahamri. Nitazikusanya kabla ya adhuhuri.