Shinikizo la Damu Halipigi Hodi



Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" ililihimiza taifa kuchimba vyoo na kupambana na mbu. Adui huyu mwingine haletwi na mbu wala maji machafu: ni shinikizo la damu.

Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90, mgonjwa hupunguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, huacha tumbaku, na akiandikiwa vidonge huvimeza kila siku. Njia hizi hazishindani; husaidiana. Mkulima aachaye dawa kwa kuwa hasikii maumivu, au kwa kuwa amepewa mizizi isiyopimwa, hukaribisha kiharusi. Jembe likalala, na watoto wakalala njaa.

Basi kila mtu mzima apimwe, na dawa isiachwe bila shauri la mganga wa zahanati.