Maji Kwanza, Mafuta Baadaye

Masomo: Zaburi 51, Luka 19:1-10

Asubuhi ya leo tutazame bunduki ya zamani, ile ya kushindilia ambayo wazee wetu waliiita gobori. Baruti na risasi hutiwa kwa mdomo wa mtutu, kisha hushindiliwa kwa mdeki. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, askari wengi walichukua bunduki za kushindilia zilizotengenezwa Springfield. Ndani ya mtutu wake mlikuwa na mifuo mitatu iliyojizungusha, ili risasi iende sawa.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikishika moto, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, bali hubaki masizi na chumvi. Nyingine hutoka na moshi, nyingine hunata mtutuni. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu.

Sasa sikilizeni vema. Chumvi hiyo haiyeyuki kwa mafuta. Huyeyuka kwa maji. Mtu mwenye haraka akipaka mafuta juu ya uchafu, mtutu utang'aa mdomoni, lakini kutu itaendelea kula chuma katika mifuo, mahali jicho lisipofika. Mwenye kuijua kazi hungojea? La, huosha siku ile ile. Hutia maji, yakiwa ya moto ni bora, husugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki, na kurudia mpaka kitambaa kitoke safi. Hukausha kabisa. Ndipo hupaka mafuta kidogo. Kesho yake hupitisha kitambaa tena. Kikitoka na wekundu, huanza upya.

Ndugu zangu, wengi wetu twapenda mafuta kuliko maji. Mtu amekula fedha za kikundi, na badala ya kuungama anaongeza sadaka. Ndugu wawili wa tumbo moja hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba, lakini Jumapili wote wawili wamo katika kwaya. Sala, nyimbo na sadaka ni mafuta mema, nayo hulinda moyo uliooshwa. Mungu hakutupa ili tufunike nayo uchafu.

Mfalme Daudi alificha habari za Uria, hata Nathani alipomjia. Alipovunjika moyo hakuomba kupambwa; aliomba kuoshwa. Naye Zakayo hakuishia kumkaribisha Yesu mezani. Alisimama mbele ya watu, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Maji hayo yalimgharimu fedha, na heshima pia. Lakini siku ile ile wokovu ulifika nyumbani mwake.

Mpendwa, kama kitambaa kingepitishwa moyoni mwako sasa, kingetoka na rangi gani? Usingoje mkutano mkubwa. Kabla jua halijatua, nenda kwa yule uliyemkosea, ukayaseme yaliyo kweli. Damu ya Yesu yatosha.

Tuombe. Ee Bwana, tufikie mahali tusipopaona wenyewe. Utuoshe kwanza, kisha utupake mafuta ya Roho wako. Katika jina la Yesu, Amina.