Vimelea Sugu Tumboni mwa Mtoto Asiyeumwa

Utumbo wa mtoto mwenye afya una bakteria wengi, na walio wengi hawamdhuru. Miongoni mwao ni E. koli, ambao huingia tumboni mapema baada ya mtoto kuzaliwa. Baadhi yao ni sugu: baadhi ya dawa za antibayotiki haziwaui. Mtoto anayewabeba hula, hucheza na kulala vizuri, na mzazi haoni dalili yoyote.

Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa E. koli wanaoharisha, waliopatikana kwa watoto wa Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, wenye umri chini ya miaka 5. Usugu ulikuwa mkubwa dhidi ya ampisilini, tetrasaiklini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini. Jijini Dar es Salaam, uchunguzi wa mwaka 2010 na 2011 kwa watoto chini ya miaka 2 ulikuta bakteria wenye uwezo wa kuvunja penisilini na sefalosporini. Walikuwamo kwa nusu ya watoto waliolazwa, na kwa takriban asilimia 12 ya watoto wenye afya waliokuwa wakiishi katika jamii.

Usugu huenea kwa njia mbili. Kwanza, antibayotiki huua bakteria dhaifu, wale sugu wakabaki na kuzaliana. Pili, bakteria hupeana vinasaba vya usugu, hata kama si wa jamii moja. Kwa hiyo mtoto anaweza kubeba bakteria sugu bila kuwahi kumeza dawa hizo. Katika vijiji vya bonde la Kilombero kama Michenga, njia za bakteria hao kumfikia mtoto ni zilezile za kuhara: mikono isiyonawiwa, maji yasiyochemshwa, kinyesi kilichotapakaa.

Hatari huja bakteria hao wanapoingia kwenye mkojo au damu. Hapo dawa ya kawaida hushindwa, na mtoto mchanga hana muda wa kusubiri nyingine.

Ili kupunguza usugu, antibayotiki zisitumike ovyo. Kuhara kwa majimaji kwa kawaida hakuzihitaji. Mtoto apewe ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), aendelee kunyonya na kula, na apate zinki kwa siku 10 hadi 14. Kuhara damu, homa kali au kulegea ni sababu ya kumwahisha kituo cha afya. Vilevile, antibayotiki kama amoksilini iliyobaki kabatini mtoto alipougua, mdogo wake anayekohoa asipewe. Dozi hupimwa kwa uzito wa mtoto, na dawa iliyokorogwa huharibika baada ya siku chache. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumtawaza mtoto hupunguza kuenea kwa vimelea, sugu na visivyo sugu.