Taa Ndogo Nyekundu Inakula Umeme

(Mazungumzo na wanakisomo wa Ndanda)



Leo tuzungumze juu ya umeme. Siku hizi nyaya zimefika vijijini, na wengi wetu tuna mita ya LUKU. Maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Basi yatupasa tujue tunautumiaje.

Sisi tunakaa kaya tatu katika nyumba moja, na mita yetu ni moja. Kila mwezi tulikuwa tunachanga fedha sawasawa. Kaya mbili zina televisheni, king'amuzi na sabufa. Kaya ya tatu ni ya bibi mmoja mzee. Yeye ana taa moja na redio ndogo tu.

Uniti zikaanza kuisha kabla ya siku zake. Maneno yakaanza. Mmoja akasema, "Mita hii inaiba." Mwingine akasema, "Bibi analala na taa." Bibi alinyamaza. Jioni moja akatuambia, "Wanangu, mimi nitawasha kibatari. Itoeni hiyo taa yangu, tuishi kwa amani."

Maneno yale yalituchoma. Usiku ule tulizima taa zote, na vyombo vyote tukavizima kwa rimoti. Kisha tukaenda kuitazama mita. Mita ina taa ndogo inayometa umeme unapopita. Ukipita mwingi, inameta upesi. Tulidhani itatulia. Haikutulia! Ilimeta pole pole, tena na tena.

Tukarudi ndani gizani. Huku taa nyekundu, kule taa nyekundu: kwenye televisheni, kwenye king'amuzi, kwenye sabufa. Tukazima swichi za ukutani, moja baada ya nyingine. Tukaitazama mita tena. Safari hii ilitulia.

Kumbe aliyekula umeme si bibi. Ni sisi. Asubuhi tulikwenda kumwomba radhi.

Kwa nini iko hivyo? Rimoti haikati umeme. Inakilaza chombo tu. Chombo kinalala sikio wazi, kikisubiri kuamshwa. Ving'amuzi vingine huendelea na kazi ndani hata vikionekana vimezimwa. Nazo sabufa nyingi zina transfoma inayobaki na moto. Ukigusa kasha lake asubuhi ukaliona lina joto, ujue usiku kucha lilikuwa likila.

Sasa tupige hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Chombo kimoja kikila wati 10 mchana na usiku:

Kwa siku: 10 x 24 = 240.
Kwa siku 30: 240 x 30 = 7,200.

Hizo ni uniti 7 na pointi 2. Ni sawa na kuacha taa ya wati 10 ikiwaka mwezi mzima bila mtu wa kuangaziwa.

Katika bei za TANESCO zilizoanza mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa uniti, bila kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha hapo, kila uniti ya ziada ilikuwa shilingi 350. Bei hubadilika, lakini hesabu ni ile ile. Katika nyumba ya watu wengi, uniti 7 za bure zaweza kuwavusha mpaka ule. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba pia humaliza pipa. Wenzetu wa kule juu Newala, waliokuwa wakishuka bondeni kutafuta maji, hawahitaji kufundishwa ubaya wa ndoo inayovuja.

Tufanye nini?

1. Vyombo vya kutazama na kusikiliza tuvichomeke pamoja kwenye waya mmoja wenye soketi nyingi. Tukienda kulala, tuzime swichi moja tu ya ukutani. Vyote vimekatika.

2. Pasi na jiko la umeme visichomekwe kwenye waya huo. Utapata moto na kuunguza nyumba.

3. Friji tusiizime. Iwe na soketi yake.

4. Mita tuitazame kwa macho tu. Tusiifungue kamwe.

Katika nchi nyingine kuna soketi zinazojua zenyewe. Ukizima televisheni, zinavikatia umeme vyombo vyote vya jirani yake. Nyingine huamriwa kwa simu. Lakini nazo hula umeme kidogo, maana nazo zinasubiri amri. Huko Ulaya sheria iliwabana watengenezaji: tangu mwaka 2010 vyombo vingi vipya vilivyolala visizidi wati 1, na tangu mwaka 2013 visizidi nusu wati. Sisi wenye vyombo vya zamani tutumie kidole. Kidole hakidai uniti.

Ndugu zangu, nyumbani kwetu bibi hachangi tena sawa na wenye televisheni. Tumekubaliana hivyo na tumeandika kwenye daftari. Taa yake inawaka.

Nanyi leo fanyeni hivi. Kabla ya kulala andikeni namba ya uniti zilizobaki. Asubuhi, kabla ya kuwasha kitu, isomeni tena. Toeni ya pili katika ya kwanza. Usiku wa pili zimeni swichi, mpige hesabu tena. Mlijifunza kusoma namba ili ziwasaidie. Hii ni kazi yake mojawapo. Kabla ya kumlaumu mtu, someni mita.