Mwili wa Mbwa na Maneno Tunayomtilia Kinywani
Mada kwa walimu na waganga wa mifugo wa Butembo na Beni



Nilipokuwa mtoto hapa Butembo, siku moja mama alirudi kutoka sokoni akakuta sufuria ya samaki wa Kyavinyonge imepinduka. Mbwa wetu alikuwa amelala mlangoni. Mama alipopaza sauti, mbwa alilaza masikio, akaingiza mkia katikati ya miguu, akageuza uso. "Munamuona? Anasikia haya!" Akachapwa. Jioni jirani alitueleza kwamba alimwona paka akiruka dirishani na samaki mdomoni. Sijamsahau mbwa yule hadi leo.

Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio alilolifanya kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hakula, na mara nyingine aliambiwa uongo. Ule uso tunaouita wa kukiri kosa ulikuja pale mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Tena waliokaripiwa bila kosa ndio waliouonyesha zaidi. Mwili wa mbwa wetu, basi, ulikuwa ukijibu sauti ya mama. Habari ya samaki haikuwamo.

Sisemi mbwa hana hisia. Hofu yake ni hofu kweli, na furaha yake vilevile. Ninachokataa ni kumvisha haya, kisasi na kinyongo chetu kabla hatujamtazama. Mwanasayansi Darwin alimtazama vizuri, katika kitabu chake cha 1872: mbwa anayemwendea mgeni kwa shari hutembea akiwa amekakamaa, mkia juu, manyoya yamesimama; akigundua kuwa ni bwana wake, mwili wote hulegea na kushuka, mkia ukaanza kupepea.

Watoto wetu tunawaambia kwamba mkia ukitikisika, mbwa amefurahi, na wengine huumwa kwa sababu ya somo hilo. Mkia ulioinuka wima na kutikisika kidogo kidogo, huku mwili umekaza, ni onyo. Mbwa anayekumbatiwa na mtoto akaanza kulamba midomo, kupiga miayo bila usingizi, au kugeuza kichwa hadi weupe wa jicho uonekane, anataka nafasi. Akiganda kabisa, mwite mtoto kwa sauti ya upole aondoke.

Kwa wenzetu wa Beni jambo hili ni zito zaidi. Tangu mauaji ya raia yaliyoanza huko Oktoba 2014, wengi wamelala wakisikiliza mbwa, wakiogopa wavamizi. Kubweka kunatujulisha kwamba mbwa amesikia au amenusa kitu. Ni nani, hakutuambii. Anayekimbia kwa kuogopa simlaumu hata kidogo. Lakini nimesikia watu wakisema, "Yule mbwa anamkataa, lazima ni mtu mubaya." Mbwa hubwekea kofia, fimbo, harufu ngeni, mwendo wa kuchechemea. Tusimtie jirani mashakani kwa ushahidi wa namna hiyo.

Hata wataalamu hukosea. Katika utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2011, jozi 18 za mbwa wa kunusa na waongozaji wao ziliingizwa kanisani. Hapakufichwa dawa za kulevya wala baruti, ila waongozaji walikuwa wameaminishwa kwamba zimo. Mara nyingi sana walitangaza kwamba mbwa amezipata. Walinzi wa Hifadhi ya Virunga wanaofuata nyayo za majangili kwa mbwa wa kunusa nao hawana budi kuifuata pua ya mbwa, si matumaini yao.

Kuna badiliko moja nisilotaka lisubiri tafsiri yoyote. Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, au mnyama wa porini akizoea watu ghafla, akitokwa na udenda na kuyumba, msiseme amekasirika wala amerogwa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo, maana dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona.

Sasa tutoke nje, uani. Kuna mbwa wa mlinzi pale getini. Kwa dakika kumi kila mmoja aandike mkia, masikio, mdomo na uzito wa mwili vimefanya nini, na nini kilitokea kabla. Neno "anapenda" au "amekasirika" tutalijadili tukirudi, karatasi zikiwa mezani.